Karafuu mtini: nilivyoweka pesa ya paa kwenye hisa za teknolojia

Nyumba yetu ya Fuoni ilikaa bila paa kwa miezi 11. Kuta zimesimama, linta imefungwa, vyumba vimeshagaiwa, na kila Jumapili watoto walikwenda na baba yao kucheza mle ndani, kila mmoja akikiita chumba chake. Pesa ya mbao na mabati ilikuwepo. Mie ndiye niliyeichukua nikaitia kwenye hisa za Marekani, Novemba 2021, na hakuna aliyenishauri wala kunilazimisha. Naandika kwa sababu mwaka huu nimeshapigiwa simu na ndugu zangu watatu walioko Muscat, na wote wanataka kufanya jambo lile lile na viinua mgongo vyao.

Muscat nilikwenda 2013, karani wa hesabu kwenye skuli ya binafsi, nikakaa Ruwi. Aprili 2020 wilaya yote ya Matrah ilifungwa kwa sababu ya korona na sisi tukafungiwa vyumbani. Hapo ndipo nilipofungua akaunti kwa wakala wa hisa anayepokea wageni, kwa pasipoti na kadi ya ukaazi ya Oman. Juni nikanunua hisa 10 za Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, kila moja karibu dola 370. Oktoba nikanunua hisa 6 za kampuni ya mikutano ya video kwa dola 500 hivi, kwa kuwa skuli yetu nzima ilikuwa inasomesha kwa programu yake. Niliona kila mtu anaitumia, nikadhani basi hisa yake ni nzuri. Sikujiuliza kama kuitumia kwa watu wote kumeshahesabiwa ndani ya hizo dola 500. Kumbe kulikuwa kumehesabiwa na kupindukia.

Julai 2021 Nvidia waligawa kila hisa kuwa nne, zangu 10 zikawa 40. Wenzangu kazini walinipongeza kama kwamba nimezidishiwa mali. Ukiwa na pishi ya mchele ukaigawa vibaba vinne, mchele ni ule ule. Lakini bei iliendelea kupanda, na Novemba hizo 40 peke yake zilikuwa zinaonesha zaidi ya dola 12,800 kwenye simu. Mtu aliyeweka 3,700 akaona 12,800 hujiona anajua. Mie nilijiona najua.

Mwezi huo huo mkataba wangu ulimalizika. Kiinua mgongo kilikuwa riali 3,500, dola 9,100 na kidogo juu. Pesa ile ilikuwa na kazi yake tangu siku ya kwanza: paa. Mume wangu alikuwa ameshakubaliana na fundi, na kilichobaki ni mie kurudi nazo. Nikasema niiweke miezi mitatu tu, izae na milango na madirisha. Nusu nikanunua hisa za kampuni za programu, na nusu nikatia kwenye mfuko wa uwekezaji unaofuata mara 3 kwa siku mwendo wa Nasdaq-100, kipimo cha bei za kampuni kama 100 kubwa za soko la Nasdaq la Marekani. Kipimo kikipanda asilimia 1, mfuko unapanda 3. Tarehe 19 Novemba 2021 soko la Nasdaq lilifika kilele chake, na halikukifikia tena kwa zaidi ya miaka miwili. Mie niliingia wiki hiyo.

Nieleze huo mfuko wa mara 3, maana ndio uliokula zaidi na ndio ndugu zangu wanaoutaka. Tuseme kipimo kiko 100. Leo kinaanguka asilimia 10, kinakuwa 90. Kesho kinapanda asilimia 11 na ushee, kinarudi 100. Hakuna aliyepoteza. Mfuko wa mara 3 nao ulikuwa 100. Leo unaanguka asilimia 30, unabaki 70. Kesho unapanda asilimia 33, unafika 93 tu. Soko limerudi pale pale, wewe umepungukiwa na 7. Soko likipanda na kushuka hivyo kwa mwaka mzima, mfuko unajila wenyewe hata kama kipimo hakijenda mbali. Na mwaka 2022 kipimo kilikwenda mbali: Nasdaq-100 ilipoteza karibu theluthi, na mifuko ya mara 3 ikapoteza karibu asilimia 80. Ilivyo, imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeingia asubuhi na kutoka jioni, na maandishi yake yenyewe yanasema hivyo. Sikuyasoma.

Nikarudi Unguja Disemba 2021. Miezi mitatu niliyoipanga ilipita bei zikiwa zinashuka. Marekani vitu vilikuwa vinapanda bei, na Machi 2022 Benki Kuu yao ikaanza kuongeza riba iliyokuwa karibu na sifuri. Kwa nini riba iiumize zaidi kampuni ya teknolojia? Kampuni nyingi za namna hii faida yake kubwa ni ahadi ya miaka ijayo. Anayekuahidi kukulipa baada ya miaka 15 unaweza kumsikiliza ukiwa huna pengine pa kuweka pesa. Siku serikali inapoanza kulipa vizuri kwa hatifungani (karatasi za mkopo wake) zisizo na hatari, ahadi ya mbali hupungua thamani mara moja. Kwa hivyo hisa zinaweza kuanguka na kampuni haijakosea kitu. Dalili zilikuwepo. Tarehe 3 Februari 2022 hisa za Meta, wenye Facebook, zilianguka asilimia 26 kwa siku moja, zaidi ya dola bilioni 230 zikafutika, na Aprili Netflix ikaanguka asilimia 35 kwa siku moja baada ya kutangaza kuwa wateja wake wamepungua. Kampuni kubwa kama hizo! Mie nilizisoma habari zile nikaona ni neema, bei zimeshuka, tuongeze.

Ramadhani iliangukia Aprili. Majira yale soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu na hufungwa saa tano usiku, yaani huanza mtu akiwa anakuna nazi na humalizika watu wameshatoka tarawehe. Simu nilikuwa naiegemeza kwenye kopo la chumvi pembeni ya jiko. Siku moja muhogo uko motoni, nimetia tui zito, na tui zito ukiliacha bila ya kulikoroga linakatika. Nikaona mfuko umeanguka tena. Nikasimama na mwiko mkononi, nahesabu. Binti yangu, wakati huo ana miaka 8, akaja akachungulia sufuria: "Mama, tui limekatika." Kisha akaitazama simu, hakusema zaidi. Tulifuturu muhogo ule na hakuna aliyelalamika, lakini nilijua mume wangu ameshajua kuna kitu. Nilimwambia usiku ule. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Fundi nimwambie nini?"

Nilitakiwa nisite pale. Badala yake nikaongeza dola 1,200 kwenye mfuko ule ule, zilizokuwa akiba ya madirisha, ili bei yangu ya wastani ishuke. Ukiongeza kwenye kitu kizuri kilichoshuka una hoja. Mie niliongeza kwenye kitu kinachojila chenyewe, na kwa pesa yenye kazi nyengine. Mwezi huo wa Aprili peke yake Nasdaq ilipoteza zaidi ya asilimia 13.

Sitaki kuirefusha miezi iliyofuata. Nilikuwa silali kabla ya soko kufungwa. Nilimkaripia mtoto kwa kalamu iliyopotea. Nilimdanganya mama yangu kwenye simu kwamba mbao zimepanda bei ndiyo tunasubiri, na uongo ule uliniuma kuliko hasara.

Oktoba fundi akaja nyumbani mwenyewe. Akasema kwa adabu: "Dada, vuli hiyo. Kuta zimeshanyeshewa masika yote. Zikila na mvua hii tena, plasta na linta sina dhamana nazo." Paa lilihitaji shilingi milioni 15, dola 6,500 kwa bei ya wakati ule ya 2,310. Nikauza. Mfuko wa mara 3 ulinipa dola 1,400. Hisa za kampuni za programu 1,800. Hazikutosha. Nikauza na hisa 30 za Nvidia kati ya 40, wiki ya pili ya Oktoba 2022, chini kidogo ya dola 116 kila moja. Jumla 6,650. Katika pesa mpya ya dola 10,300 niliyoiingiza tangu Novemba, zilirudi 3,200. Hasara dola 7,100, zaidi ya shilingi milioni 16, paa zima na chenji.

Nikadhani limekwisha. Kumbe kuuza ni kitu kimoja na kuishika pesa ni kitu chengine. Wakati ule mauzo ya hisa Marekani yalikuwa yanakamilika baada ya siku 2 za kazi (tangu Mei 2024 ni siku 1). Kisha wakala anahakiki, Jumamosi na Jumapili hawafanyi kazi, benki ya katikati inakata ada yake, na ya huku nayo inakata yake. Na pesa yangu ilirudishwa. Jina langu kwa wakala lilikuwa na majina matatu kama pasipoti, akaunti ya benki niliyoifungua zamani ina mawili. Wiki tatu zilipita hivyo. Kama una akaunti nje, leo hii linganisha majina herufi kwa herufi, kisha toa dola 50 za majaribio ujue njia inapita wapi na inachukua siku ngapi. Usingoje siku ya haja.

Fundi alitaka malipo ya mbao. Nikapanda boti mpaka Mkoani, Pemba, nikaenda Wete kwa ami yangu kukopa.

Nilimkuta ukumbini usiku, nyumba nzima wanachambua karafuu, taa katikati na jamvi limejaa. Nikakaa nikachambua nao. Aliyewahi kufanya kazi ile anajua vidole vinavyonata na harufu inavyokaa mpaka kwenye nywele, na makonyo (vijiti vya karafuu) yanavyopanda upande wako kama kichuguu. Nikamweleza yote, sikuficha. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema: "Umeuza karafuu mtini, mwanangu."

Kwa asiyetoka kwetu: kuuza karafuu mtini ni kuuza mazao kabla hayajachumwa, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye pesa taslimu. Ami akaendelea: "Anayeuza mtini si mjinga. Bei ya karafuu kavu anaijua kuliko mnunuzi. Ila ana harusi mwezi wa tisa, na karafuu zake ni za mwezi wa kumi na moja." Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kusoma kuhusu kampuni, faida, na bei, na sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu: pesa hii ina tarehe gani?

Maana angalia. Nvidia haikuwa chaguo baya. Nilinunua kwa dola 92 na nusu ukihesabu mgao, nikauza 115, hata faida nilipata. Juni 2024 waligawa tena, kila moja kuwa 10. Zile 30 zingekuwa 300, kila moja ikizidi dola 120. Nimeshaifanya hesabu hiyo mara nyingi na siifanyi tena. Niliuza mahali pa chini kabisa kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja, na soko halijui habari za vuli ya Fuoni.

Lakini ami aliniambia na jambo la pili, na nalo lazima niliseme, kwa sababu watu wanapenda kusikia tu kwamba "vumilia, bei hurudi". Yeye alikuwa kijana wakati Indonesia, waliokuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao za kretek, walipopanda mikarafuu yao wenyewe ikawatosha. Bei ilianguka miaka ya 1980 na Pemba ilisubiri. Watu walianika, wakaweka, wakasubiri. Mnunuzi yule hakurudi. Hisa zangu 6 za mikutano ya video zilikuwa za namna hiyo: korona ilimalizika, watu wakarudi maofisini, na nilipoziuza baadaye zilikuwa dola 80 na kidogo. Kuna bei inayoanguka kwa sababu riba imepanda, na kuna bei inayoanguka kwa sababu haja yenyewe imeondoka. Nasdaq yote kwa jumla ilianguka kutoka kilele cha Machi 2000 na haikukipita mpaka Aprili 2015. Hiyo ni miaka 15 kwa soko zima, na ndani yake kuna kampuni nyingi ambazo hazikurudi kabisa.

Ami alinikopesha. Paa likaezekwa Novemba. Pesa ya benki ilipofika nilimlipa.

Nilibaki na hisa 10 za Nvidia, na sikuwa na deni wala ahadi juu yake. Zikawa 100 baada ya mgao wa 2024. Tarehe 27 Januari 2025, habari za DeepSeek, kampuni ya akili bandia ya Uchina, zilipoenea, Nvidia ilianguka asilimia 17 kwa siku moja na kupoteza karibu dola bilioni 590 za thamani, hasara ya siku moja ambayo mpaka siku ile hakuna kampuni iliyokuwa imewahi kuifikia. Kwangu ilikuwa dola 2,400 jioni moja, zaidi ya mshahara wangu wa miezi kadhaa huku. Niliona, nikaiweka simu chini, nikaendelea kupiga pasi sare za watoto. Sijawa jasiri. Moyo ulinienda mbio vile vile. Tofauti ni kwamba hakukuwa na fundi anayesubiri pesa ile.

Aprili 2025 ikawa hivyo hivyo. Tarehe 3 na 4, baada ya Marekani kutangaza ushuru mpya, Nasdaq ilianguka karibu asilimia 6 kila siku. Tulikuwa hatujatoka kwenye shamrashamra za Idi, tumewapeleka watoto Kariakoo ya hapa Unguja kwenye mabembea. Ndugu yangu wa Muscat alinipigia akiwa ameshauza kila kitu. Tarehe 9, ushuru uliposimamishwa kwa siku 90, soko likapanda asilimia 12 kwa siku moja, na yeye alikuwa nje. Nilipomuuliza kwa nini aliuza, alisema nusu ya pesa ile ilikuwa mahari ya mwanawe wa kiume.

Sasa ninavyofanya. Pesa ninayoweza kuihitaji ndani ya miaka 5 haiendi kwenye hisa za teknolojia, hata nusu yake. Ada, paa, matibabu ya mama, hija, vyote viko kwenye akaunti ya Kiislamu hapa hapa, kwa shilingi, kwa sababu fundi analipwa kwa shilingi. Dola nayo ina mawimbi yake: mwaka 2024 ilipita shilingi 2,700 kisha ikashuka karibu na 2,400 mwishoni mwa mwaka. Simkopi wakala ili ninunue zaidi. Kwetu ni riba, na hata asiyejali riba ajue wakala ana haki ya kumuuzia hisa zake bila ya kumuuliza siku bei inapoanguka. Kuhusu uhalali, nilichelewa kuuliza na najuta. Shekhe niliyemuuliza baadaye alinifahamisha vipimo vinavyotumiwa na wengi: deni la riba la kampuni lisizidi asilimia 30 ya thamani yake sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote, na sehemu hiyo ya gawio (faida anayogaiwa mwenye hisa) uitoe. Mfuko wa mara 3, unaoendeshwa kwa mikopo na mikataba ya kubahatisha, haukupita hata hatua ya kwanza.

Soko nalitazama mara moja kwa wiki, Jumamosi, limefungwa. Programu ya wakala nimeiondoa kwenye simu na kuiacha kwenye kompyuta ya baba watoto.

Akaunti yangu niliifungua nikiwa mkaazi wa Oman, na nilipohama nilimjulisha wakala anwani mpya. Aliyeko Tanzania na hajaanza, aulize kwanza benki yake kuhusu kanuni za fedha za kigeni kabla ya kupeleka chochote nje. Kwenye gawio Marekani hukata asilimia 30, kwa kuwa Tanzania haina mkataba nao wa kodi ya mapato. Na kuna jambo nililolijua mwaka jana tu: asiye raia wala mkaazi wa Marekani akifa na hisa za kampuni za huko zinazozidi thamani ya dola 60,000, kilichozidi hutozwa kodi ya mirathi inayofika asilimia 40. Zangu ziko mbali na kiwango hicho. Lakini nilipokuwa nalisoma nilitanabahi kwamba nikifa leo, mume wangu hajui hata jina la wakala.

Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu: jina la wakala, namba ya akaunti, idadi ya hisa, nani wa kumwandikia, na kwamba asiuze kwa haraka wala asisubiri kwa ajili yangu. Nikampa. Aliisoma amesimama chini ya taa ya ukumbini, akaikunja mara mbili, akaenda kuitia kwenye kasha pamoja na hati ya kiwanja na risiti za mabati.